Sura ya Tisa: Kapu la Makumbi

Nikiri mapema, nisije nikaumbuka baadaye: sura iliyopita nilikudanganyeni. Sikukusudia. Nilikwambieni kuwa Sajini Ghanim bin Turki amemkamata mwizi wa makumbi ya Kibeleni, nikamsifu kwa macho yake makali, nikamalizia kwa kusema kesi imekwisha, watu wakalale. Haikwisha. Sajini alikosea, na mie nikakosea nyuma yake kama mkia unavyomfuata punda.

Kwa asiyekuwapo, habari yenyewe fupi. Wanawake wa Kibeleni, kusini ya Unguja, huchimba mashimo kwenye tope la pwani, wakafukia makumbi ya nazi, yale maganda ya nje yenye nyuzi, wakayawekea mawe juu, wakayaacha miezi minane, tisa, yaoze. Yakishaoza huyafukua, wakayatwanga kwa magongo, wakapata usumba wa kusokotea kamba. Kila shimo lina mwenyewe, na kila mwenyewe ana duara lake la mawe. Hapana anayegusa la mwenziwe, hata kama mwenziwe kafa na warithi wanagombana.

Sasa mwezi pili wa Mfunguo Tano, ndiyo siku ya pili ya mwezi wa tano baada ya Ramadhani, mwaka ule ambao treni ya Bububu watu walikuwa bado wakiipanda kwa kujionesha tu, mashimo ishirini yalikutwa matupu. Sajini Ghanim akapelekwa. Asubuhi ya pili yake akamkuta mwanamme mmoja, Simai bin Mwalim, yumo katikati ya mashimo, tope mpaka magotini, panga kiunoni, na kapu limejaa makumbi yanayochuruzika maji. Sajini, mtoto wa Mjini, wa ukoo wa mashamba ya karafuu yaliyokwishauzwa, alijua jambo moja tu la usumba: ni kazi ya wanawake. Mwanamme anatafuta nini humo? Akamuuliza. Simai hakujibu. Akamfunga kamba, akamleta Mjini, akamtia korokoroni, na kapu lake likawekwa stoo kuwa ushahidi.

Hiyo ilikuwa mwezi tatu. Mwezi kumi na sita ikaja habari kutoka Kibeleni: mashimo kumi na moja mengine matupu. Na Simai yumo korokoroni, kufuli kwa nje.

Asubuhi ya pili Sajini alifungua mlango mwenyewe. Simai alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo umeegemea ukuta, mtu wa miaka thelathini hivi, mrefu, mikono mipana.

"Simai, una mwenzako?"

Simai alinyoosha pembe ya mkeka.

"Wameibiwa tena. Mashimo kumi na moja."

Simai akainua uso. Kwa siku kumi na nne alikuwa hajafungua kinywa ila kwa kujibu salamu na kuomba maji ya kutawadha. Sasa akauliza:

"Leo mwezi ngapi, Bwana Sajini?"

"Kumi na saba."

"Bamvua," alisema Simai, kama anayejisemea.

"Bamvua ina nini?"

"Maji makubwa tu. Hata hapa Mjini si yanafika?"

"Yanafika. Juzi yamenilowesha viatu Forodhani. Nnakuuliza yana nini."

Simai akageukia ukuta. Zungumzo lilikwisha hapo.

Lakini Sajini alikwishapata kitu. Alitoka nje akahesabu kwa vidole. Mwezi ukiandama, bamvua. Mwezi ukiwa kamili, bamvua. Makumbi ya mwanzo yamekwenda mwezi pili, ya mara hii mwezi kumi na sita. Mwizi anafuata maji. Kwa nini? Kwa sababu makumbi yaliyolowa ni mazito, na ya mashimo kumi na moja hayabebeki kichwani. Yataka chombo. Na chombo hakifiki juu ya tope lile ila maji yakiwa makubwa. Chombo gani kinaingia Kibeleni? Kimoja tu: mashua inayochukua chokaa kwenye tanu la kuchomea mawe, analolisimamia mtu wa huko, Borafya.

Sajini akatabasamu. Mie pia nilitabasamu pale, na ndiyo maana nasema msituamini haraka.

"Mtoe Simai," alimwambia askari wa zamu. "Nakwenda naye anioneshe mahali. Na lile kapu nipe."

"Kapu lile?" Askari alishukuru mpaka akasahau kupiga saluti. Makumbi yaliyooza yana harufu ambayo haiondoki kwa sabuni wala kwa udi. Kwa wiki mbili yule karani wa stoo alikuwa akila chakula chake barabarani, na watu wakampa sadaka kwa kudhani ni masikini.

Walifika Kibeleni karibu na saa sita, maji yameshatoka. Sajini alipanda punda mmoja, Simai wa pili, kamba ya mikono yake imefungwa kwenye tandiko. Kapu lilifungwa nyuma ya punda wa Simai, baada ya punda wa Sajini kukataa katakata.

Bi Wanu binti Mzee alikuwa kibarazani kwake anasokota. Mwanamke wa makamo, mwembamba, ulimi wake unajulikana mpaka Muyuni. Ndiye aliyepeleka mashitaka mwanzo, na safari hii ametiwa hasara ya mashimo mawili tena.

"Hujambo, Bi Wanu."

"Sijambo, Bwana Sajini. Umekuja kumkamata nani leo? Kama ni mume wangu, ningoje kidogo aniangulie nazi kwanza."

"Nimekuja kukuuliza."

"Loo! Leo unauliza." Akamtazama Simai juu ya punda, akayaona yale mafundo ya kamba, akatazama pengine.

Sajini alilishusha kapu akaliweka mbele yake. "Haya ndiyo aliyokutwa nayo Simai. Nataka unambie kama yamo yako."

Bi Wanu hakuziba pua. Aliyamimina makumbi chini, akaanza kuyaokota moja moja, akiyaminya kwa dole gumba. Alifanya haraka kama mtu anayepembua mchele. Alipomaliza palikuwa na mafungu manne.

"Haya yameiva. Miezi minane. Haya miezi mitatu, minne. Haya," aligusa fungu la tatu, "hayajafika mwezi, tazama, ngozi bado. Na haya matatu yangu."

"Umeyajuaje?"

"Mie hufunga matano matano kwa ukindu. Fundo la marehemu mama. Hili hapa." Akalitazama tena fungu la tatu. "Bwana Sajini, nani kakusanya makumbi namna hii?"

"Namna gani?"

"Ya kila umri! Kumbi bichi halitwangiki. Utavunja gongo na usumba usiuone. Mwizi anachukua ya shimo lililoiva, basi, tena mwizi wa hapa anajua lipi limeiva na lipi bado, maana mkewe ndiye aliyefukia. Sasa huyu kaiba kitu kisha angoje miezi saba ndipo kimfae? Huyo si mwizi, huyo mpangaji."

Sajini alihisi masikio yake yanapata moto. "Mbona hukunambia siku ile?"

"Uliniuliza? Nilinyoosha mkono nilitazame kapu, ukalifunika gunia, ukanambia ushahidi hauguswi na wanawake."

Kweli alisema hivyo. Nilikuwapo, na niliiacha ile sentensi katika sura iliyopita kwa kuiona ndogo.

"Twende kwenye mashimo," alisema Sajini, akamteremsha Simai punda, kamba mkononi.

Njia ya kushukia pwani ilipita katikati ya mikoko. Ya nyuma, iliyo karibu na nchi kavu, ilikuwa imekatwa yote, vimebaki visiki vimesimama kwenye tope kama meno ya mzee. Kidogo mbele palikuwa na miti mikubwa, ya zamani, iliyosimama juu ya mizizi yake iliyopindana kama miguu ya kaa. Sajini aliteleza, akashika mzizi mmoja asianguke, akapiga kelele. Kiganja kilikuwa kinatoka damu.

"Chaza," alisema Bi Wanu bila ya huruma. "Mikoko ya mbele imeota chaza, inapigwa na maji ya chumvi mchana na usiku. Shika ile ya nyuma, haina. Basi nimesahau, hamna tena ya nyuma."

Walitokea kwenye mashimo. Sajini alimwachia Simai nafasi ya kamba, akaanza kazi aliyopaswa kuifanya siku kumi na nne nyuma: alichutama.

Mashimo yaliyokuwa matupu hayakuwa yametapakaa ovyo. Yalikuwa pamoja, upana wa nyumba tano hivi, kama njia. Kulia yake mashimo mazima, mawe juu yake hayajatikisika, na kushoto vilevile. Mwizi mwenye uchaguzi wa ajabu, anayepita katikati tu.

Kisha mawe. Sajini aliinuka akatembea akihesabu hatua. Mawe makubwa yalikuwa yamelala hatua mbili tatu kutoka kwenye mashimo. Ya kiasi cha ngumi, hatua kumi. Vikokoto, hatua ishirini na zaidi. Na yote upande mmoja, upande wa nchi kavu.

"Bi Wanu, wewe ukifukua, mawe unayaweka wapi?"

"Narundika. Nitayatafuta wapi tena?"

"Na mtu mwenye haraka?"

"Atayatupa. Lakini atatupa huku na huku, hatayapanga kwa ukubwa kama mwanamke anayeuza samaki."

Sajini alikuwa anataka kujibu akaona kitu. Simai, mikono imefungwa mbele, alikuwa ameinama. Kumbi moja lilikuwa limenasa kwenye mzizi. Aliliokota kwa viganja viwili, akatembea nalo mpaka kwenye shimo tupu lililokuwa karibu, akalitia, akalikandamiza kwa unyayo mpaka likazama topeni. Kisha akasukuma jiwe kwa mguu, akaliweka juu. Hakumtazama mtu. Alifanya kama anayefunga mlango wa jirani aliyeukuta wazi.

"Ulikuwa unarudisha," alisema Sajini.

Simai alisukuma jiwe la pili.

"Siku ile. Hukuwa unatoa. Ulikuwa ukiyaokota yaliyotawanyika unayarudisha."

"Ndiyo maana nilikuta fundo langu kwenye shimo la Bi Thuwaiba!" Bi Wanu alijipiga paja. "Na mie nikamnunia wiki nzima! We Simai, kwa nini hukusema?"

"Nimeapa," alisema Simai.

"Umemwapia nani?"

Sajini hakungoja jibu. Alikuwa amegeuka kutazama kule yalikotokea mawe, upande wa bahari, na mara hii hakuhitaji kuhesabu. Mbele ya mashimo mazima, kulia na kushoto, ilisimama ile mikoko mikubwa yenye chaza. Mbele ya mashimo matupu hapakuwa na kitu. Bahari ilikuwa wazi mpaka mwisho wa macho, nyeupe pale mawimbi yanapovunjika.

"Siku nilipokuja mara ya mwanzo palikuwa hivi?"

"Palikuwa na mwanya," alisema Bi Wanu. "Kama mlango. Sasa..." Alipima kwa mikono, akaona haitoshi, akaiteremsha.

"Nani kaukata?"

Bi Wanu alifunga kanga yake vizuri. "Kamuulize Borafya," alisema. "Mie mwanangu anafanya kazi kwake."

Tanu la chokaa lilikuwa juu kidogo ya pwani, na Simai na Bi Wanu walimfuata Sajini mpaka pale. Magogo yamepangwa duara, kama sahani kubwa, mawe ya pwani yamerundikwa juu yake, tayari kutiwa moto. Pembeni lilikuwapo tanu la juzi, limekwishaungua, jeupe mpaka linaumiza macho. Borafya, msimamizi, mtu mnene mwenye kikohozi, alikuja akijifuta mikono.

"Karibu, Bwana Sajini. Mbona damu?"

"Chaza. Borafya, mashua yako ilikuja lini?"

"Mara ya mwisho? Mwezi tisa."

"Na mwezi kumi na sita?"

"Haikuja. Chokaa ilikuwa bado ya moto, ningeipakia vipi, iunguze mashua? Waulize." Akaonesha watu wanane waliokaa kivulini, mashoka magotini. "Oo! Nimefahamu! Unasema mie nimeiba makumbi?" Alicheka mpaka kikohozi kikamshika. "Niyafanye nini? Nitie kwenye tanu? Kumbi la maji utawashia moto wa kuchekesha watu. Njoo uoneshwe kuni."

Hakuwa na haja ya kumwonesha. Sajini alikuwa ameshasimama kwenye magogo, na jumba lake lote la mashua na wizi wa baharini lilikuwa limekwishaanguka kimya kimya bila ya mtu kulisukuma. Alitembea taratibu akilizunguka tanu.

"Unakata wapi, Borafya?"

"Mikoko ya nyuma. Kwa ruhusa. Mvyale mwenyewe, Bi Mashavu, ndiye aliyefungua. Hapa kwetu hukati kijiti mpaka mvyale aseme, yeye ndiye mrithi wa amri ya nchi hii, wazee wake ndio waliotia moto wa mwanzo hapa. Kasema ya nyuma, tunakata ya nyuma."

"Ya nyuma tu?"

"Ya nyuma tu."

Sajini alifungua kiganja chake, akamwonesha mkato. Kisha akaweka kidole kwenye gogo la chini. Gogo lilikuwa limefunikwa na magamba ya chaza, yamekaukia pale pale, yananuka bado.

"Na hii ya nyuma," aliuliza, "inaota chaza?"

Borafya alilitazama gogo, akamtazama Sajini, akakaa juu ya jiwe.

"Bwana Sajini, mie si tajiri. Tajiri yuko Mjini na karatasi anayo yeye. Mie naletewa neno: chokaa kiasi fulani kila mwezi. Ya nyuma ilikwisha. Nikapeleka habari kuwa imekwisha. Nikajibiwa: mbele je? Nifanye nini? Hawa wanane wanakula kwa tanu hili, na nyuma ya kila mmoja kuna watu sita. Bei ya kamba unaijua? Msikiti ule paa lake nani kaliezeka? Tanu. Na nyinyi Mjini mnajenga. Ghala, ofisi, maduka. Wewe nyumba yako mwaka huu hujaipaka?"

Sajini aliipaka kabla ya Ramadhani. Mkewe aliisifia weupe wake kwa majirani.

"Ya mbele mlianza lini?"

"Mwisho wa Mfunguo Nne. Tukakata kidogo tu, ule mwanya. Bamvua ikaja, makumbi ya wanawake yakaoneka yanaelea. Tukaogopa. Kisha asubuhi ya pili yake tunakwenda, tunamkuta Simai kasimama mbele ya mti. Na panga. Hatukani, hapigi, kasimama tu mpaka maji yarudi. Mti wenye mtu utaukata vipi? Na huyu," akaonesha kijana mmoja mwenye shoka, "shemeji yake khasa. Tukarudi. Nikasema, basi, tutatafuta kuni pengine, hata kwa tabu." Borafya alikohoa. "Asubuhi iliyofuata ukaja wewe ukamchukua."

"Baada ya hapo?"

"Baada ya hapo," alisema Borafya polepole, na kwa kweli hakusema kwa kejeli, "kazi ikawa nyepesi."

Sajini alisimama pale na kiganja chake. Kesi ilikuwa imefumbuka yote. Hapakuwa na mwizi. Makumbi yalichukuliwa na bahari, na bahari ilifunguliwa mlango na shoka, na shoka lilikuwa na mlinzi mmoja tu wa kulizuia, na mlinzi huyo Sajini Ghanim bin Turki alimfunga kamba, akampandisha punda, akamtia kufuli siku kumi na nne. Ushahidi aliuchukua pamoja naye, akaufunika gunia.

Kilikuwa kimebaki kiapo.

Bi Mashavu hakungoja kuitwa. Alikuja mwenyewe mpaka pale tanuni, mwanamke wa miaka sabini, anatembea kwa bakora lakini mgongo umenyooka. Watu walimpisha. Alikwenda moja kwa moja mpaka alipo Simai, akaitazama ile mikono iliyofungwa.

"Shikamoo, Bi Mkubwa," alisema Sajini.

"Marahaba." Hakugeuka. "Mfungue."

Sajini alikwishatoa kisu. Aliikata kamba. Simai alijisugua vifundo vya mikono.

"Bi Mkubwa, huyu kaapa. Nadhani alikuapia wewe."

"Mie."

"Ulimweka alinde ukuta wa mikoko."

"Nilimweka. Nikamwambia asinitaje, hata akikatwa." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayetoa habari za shamba. "Mwaka huu watu walikuwa na njaa, Sajini. Nguruwe wamemaliza mihogo, kamba hainunuliwi. Wakanijia. Nikasema: kateni ya nyuma, miezi mitatu, kisha mpumzishe miaka saba, kama walivyofanya wazee. Ya mbele isiguswe. Wakaitikia wote. Nikafukiza ubani, nikafungua."

"Kisha?"

"Kisha mikoko ya nyuma ikaisha, tanu halikuisha."

Borafya aliinamisha kichwa.

"Na Simai nilipomchukua," alisema Sajini, "mbona hukuja kunambia? Ungekuja siku ile tu. Au ungemtuma mtu."

Sasa ndipo Bi Mashavu alipogeuka. Macho yake yalikuwa na ukungu wa uzee, lakini yalimpata.

"Nije niseme nini? Mbele ya hawa kina Wanu? Kuwa makumbi yao yameliwa na maji kwa sababu mie ndiye niliyewafungulia mashoka? Nilisema ntakwenda kesho. Kesho yake nikasema kesho. Mguu ukawa unauma. Siku nyingine haukuuma, nikasema unauma. Na wewe? Ulikuwa na mdomo pia. Kwa nini hukuja kuniuliza mie kabla ya kufunga mtu katika nchi yangu?"

"Sikuuliza," alisema Sajini.

"Basi tumekutana, wewe na mie."

Bi Wanu alikuwa anasikia. Kila mtu alitegemea atalipuka. Lakini alimtazama mwanawe, pale kati ya wale wanane, shoka lake limekaa magotini, akaitafuna pembe ya kanga yake tu.

Maji yalikuwa yameanza kurudi. Sajini alitembea peke yake mpaka mwisho wa tope, akahesabu iliyobaki. Upande wa kulia mikoko ishirini na sita. Kushoto kumi na tisa. Miti arubaini na mitano, na nyuma yake mashimo sitini yenye makumbi, kazi ya mwaka mzima ya wanawake wa Kibeleni. Mkoko wa aina ile ukikatwa hauchipui tena kisikini. Hata yeye mtoto wa Mjini alilijua hilo sasa.

Alirudi. Aliwakuta wote wameteremka, wamesimama kati ya visiki: wanane na mashoka yao, Borafya, Bi Wanu na wanawake wengine waliotoka majumbani, Bi Mashavu na bakora yake. Simai alikuwa amekaa kando juu ya kisiki.

"Sikilizeni," alisema Sajini. "Simai hana kosa. Ntaliandika hilo leo na jina langu chini yake, na kosa langu ntaliandika pia. Ama ukuta, mie sina amri ya kumfunga mtu kwa kukata mti. Tajiri ana karatasi, na Bi Mkubwa alifungua. Nnaloweza ni kupeleka barua, niombe wasimamishe, tanu liwe dogo, mkate kwa zamu kama alivyosema mvyale, mpate kula na mashimo yabaki. Barua itasomwa. Lakini itachukua wiki tatu kujibiwa, na bamvua nyingine baada ya siku kumi na tatu."

"Na tajiri anataka chokaa Alkhamisi," alisema Borafya, si kwa ubishi, kwa kutaja tu.

"Najua. Kwa hiyo anatakiwa mtu. Asimame pale mbele, kila maji yakitoka, kwa wiki tatu. Mtu mmoja wa hapa. Mie mgeni, nikisimama mie mtanicheka, na nikiondoka mtakata."

Alimgeukia Simai. Alichutama mbele yake, Sajini mzima na tarbushi lake jekundu, tope likaingia kwenye viatu.

"Simai. Nimekukosea. Sikuombi unisamehe, hilo lako na Mola wako. Nakuomba urudi ulipokuwa."

Simai aliitazama mikono yake. Kamba ilikuwa imeacha mstari kwenye ngozi. Kisha akamtazama shemeji yake mwenye shoka, aliyekata kwa siku kumi na nne bila ya kwenda Mjini hata mara moja kumpelekea chakula. Akamtazama Bi Mashavu. Akainuka, akajipangusa, akaanza kupanda kwenda kwake, bila ya haraka.

Sajini alibaki amechutama, kisha akainuka naye. Alimtazama Bi Wanu, aliyekuwa akimtazama mwanawe. Alimtazama mwana, aliyekuwa akitazama shoka. Alimtazama Bi Mashavu, ambaye macho yake yalikuwa baharini, kwenye ule upana mweupe usiokuwa na mti.

"Basi mwengine," alisema Sajini. Alipandisha sauti ili wasikie mpaka wale wa nyuma. "Yeyote. Nani atashika zamu kesho, maji yakitoka?"